Fanesi imezima usiku wa manane na nje ni hasi thelathini: pitia hapa kabla hujampigia fundi

#1 FundiBaridi

Wakuu, kwema?

Nina miaka 11 nikitengeneza mifumo ya joto majumbani, yaani fanesi na mashine nyingine za kupasha nyumba joto, hapa Minnesota, Marekani. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga viyoyozi Dar, yaani riziki yangu ilitokana na kuwapoza watu. Maisha yana mizaha.

Juzi saa nane usiku nikapigiwa simu na familia ya Kitanzania. Nimefika nakuta baba, mama na watoto watatu wamejikunyata jikoni, wamefungua mlango wa oveni ya gesi wanaota moto. Mdogo kavalishwa koti la shule, juu yake blanketi. Nikashuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba ilipo fanesi, nikachomoa filta ya hewa. Ilikuwa nene kama godoro la sufi, kijivu tupu, imepinda katikati kwa kuvutwa na feni. Hawajaibadilisha tangu wanunue nyumba, na huu ni msimu wao wa pili wa baridi. Nikaitoa, nikazima umeme wa mashine na kuuwasha tena, nyumba ikaanza kupata joto. Dakika nne. Bili ya kumtoa fundi kitandani saa nane usiku wenye uzoefu mnaijua.

Sikujisikia vizuri kuipokea ile hela, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Nazungumzia zaidi fanesi ya gesi inayopuliza hewa ya moto kwenye matundu ya sakafuni au ukutani, maana ndiyo iko kwenye nyumba nyingi za huku. Wa boila na wa mafuta, karibuni mchangie.

Kwanza ujue mashine inavyoamka, kwa sababu ukijua hatua zake utajua imekwamia wapi. Themostati ukutani ikiona nyumba imepoa inatuma umeme mdogo wa volti 24 kwenda kwenye fanesi. Kifeni kidogo cha kuvuta moshi kinaanza kuzunguka, utakisikia kinavuma. Kikivuta vizuri, swichi moja ndogo yenye mpira wa hewa inajifunga na kusema "njia ya moshi iko wazi, endeleeni". Halafu kiwashio kinaiva rangi ya chungwa kama waya wa pasi ya zamani. Gesi inafunguka, moto unashika, unasikia "wuuf". Kuna kijiti chembamba cha chuma kimekaa ndani ya ule moto, hiyo ndiyo sensa; ina sekunde chache tu za kuthibitisha kwamba moto upo kweli. Isipouona, gesi inafungwa. Ikiuona, baada ya nusu dakika hivi feni kubwa inaanza kupuliza joto vyumbani.

Sasa simama mbele yake usikilize.

Haifanyi lolote, kimya kabisa? Anzia themostati. Nyingi zinatumia betri, na betri zikifa kioo kinakuwa cheupe na nyumba inapoa. Angalia iko kwenye joto, haiko kwenye ubaridi. Halafu kuna swichi ya ukutani karibu na fanesi, au juu ya ngazi za besimenti, imefanana kabisa na swichi ya taa. Mgeni kashuka kufua nguo, kapanda, kazima "taa". Siwezi kuhesabu mara ngapi nimeendeshwa kilomita 40 kwenye barafu kwenda kuwasha swichi. Angalia pia mlango wa mashine umekaa sawasawa, kwa sababu nyuma yake kuna kitufe, na mlango ukilegea umeme unakatika makusudi.

Kifeni kidogo kinavuma, kinavuma, lakini hakuna kuiva wala moto? Mara nyingi njia ya hewa imeziba. Kama fanesi yako ina mabomba meupe ya plastiki yanayotokea ukutani, toka nje uyaangalie. Theluji ikipeperushwa na upepo inajaza pale kimya kimya, na kwenye baridi kali barafu inajijenga kwenye mdomo wa bomba. Fukua kwa mkono. Usipige na koleo, plastiki kwenye baridi ile inapasuka kama kaki ya chai. Na hizi zenye mabomba ya plastiki zinatoa maji, kwa sababu moshi wake unapozwa mpaka unatoa jasho. Yale maji yana kibomba chake cha kutokea. Kikiziba kwa ute au kikiganda, maji yanarudi ndani na mashine inakataa kuwaka. Kumwaga maji ya uvuguvugu kwenye kibomba hicho kila mwanzo wa msimu kumewaokoa wateja wangu wengi.

Inawaka, sekunde tatu nne inazima, inajaribu tena, ya tatu inanyamaza kabisa? Sensa ya moto chafu. Nitaieleza mtu akiuliza, uzi usiwe gazeti.

Inawaka vizuri dakika kadhaa, moto unazima lakini feni inaendelea kupuliza hewa inayopoa, kisha moto tena? Filta. Hewa haipiti, chuma kinapata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata moto na kuiacha feni ipoze. Ile familia ya juzi ilikuwa hapa, wakafikia hatua mashine imejifunga kabisa.

Tena kabla hujazima na kuwasha, chungulia kwenye kidirisha kidogo cha mlango. Kuna kitaa kinapepesa. Hesabu mipepeso, uiandike. Maana ya kila hesabu imebandikwa kwa ndani ya mlango. Ukizima umeme kwanza, bodi nyingine zinasahau, na fundi akija anaanza upya kwa hela yako.

Fanesi ikizima, mara nyingi haijafa. Imeona kitu inachokiogopa ikagoma. Tafuta kilichoigomesha.

#2 MtotoWaMakete

Nimeweka kambi. Sisi Makete mwezi wa saba umande unaganda kwenye majani, fundi wetu ni kuni na filta yetu ni mlango wa jikoni 😂

Ila mkuu nina swali la kweli. Hao watu na hela zao zote, umeme ukikatika au hiyo mashine ikigoma, kwa nini wasiweke jiko la mkaa ndani hata dogo?

#3 FundiBaridi

Mkuu wa Makete, swali lako ndilo zito kuliko yote, na hata wewe linakuhusu.

Mkaa unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi mzito. Na nyumba ya huku imezibwa kila ufa ili joto lisitoke, kwa hiyo na sumu haitoki. Kwenu jikoni pana upenyo juu ya ukuta na moshi wa kuni unakufukuza kabla hujadhurika. Mkaa ulioiva haukufukuzi, unakubembeleza ulale. Hata nyumbani watu wanakufa kwa kuingiza jiko chumbani na kufunga madirisha, kila mwaka tunasikia.

Na ile oveni ya gesi iliyoachwa wazi ni ndugu yake jiko. Niliwaambia wale wazazi, wakashtuka, walidhani wanafanya la busara.

Dalili moja ya kuikariri: nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa wakati mmoja, hata paka analegea, halafu mkitoka nje mnapata nafuu, hayo si mafua. Tokeni nje, piga 911, namba ya dharura ya huku.

Minnesota sheria inataka king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, yaani kama mita 3. Kikipiga mlio mmoja mfupi kila baada ya muda, betri au kifaa kimezeeka. Kikipiga minne mfululizo, kinyamaze, kirudie minne, hiyo ni hatari yenyewe. Kuna jamaa alikivunja kwa fagio kwa sababu kinamsumbua usingizi. Kilikuwa kinapiga minne. Yuko hai, kwa sababu mke wake alibisha.

#4 Kisu_Butu

Mkuu unaua soko la mafundi wenzako. Na YouTube imejaa haya mambo.

#5 FundiBaridi

Kisu, simu za filta hazinijengei nyumba. Zinanikosesha usingizi tu, na usiku huohuo kuna bibi wa miaka 80 fanesi yake imeharibika kweli na yuko wa sita kwenye foleni.

YouTube naikubali, ila haikuambii uishie wapi. Valvu ya gesi usiiguse. Bomba la gesi usilifungue. Ukisikia harufu ya mayai viza, hiyo wameitia makusudi ili gesi inayovuja ijulikane: usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani, toka kwanza. Na swichi yoyote ya usalama usiiunganishe kwa waya ili mashine "iwake tu". Nimemkuta mtu kaunganisha ile swichi ya hewa, kajifunza mtandaoni. Fanesi iliwaka kweli, bomba la moshi limeziba na kiota cha ndege, moshi wote unarudi besimenti ambako kijana wake analala. Nilizima nikakata ule waya vipande vipande, nikauweka mfukoni kwangu asije akaurudisha.

#6 MamaWatatu_BP

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Kaka FundiBaridi, yangu ni ile ya tatu. Inavuma, naona rangi ya chungwa, moto unawaka, kufumba na kufumbua umezima. Mara tatu halafu kimya. Nikizima swichi na kuwasha inarudia mchezo uleule. Filta nimebadilisha Jumapili. Baba watoto yuko safarini na lori, anarudi Alhamisi. Ndani sasa hivi ni nyuzi 58 za Farenhaiti. Kuna kampuni wamesema watakuja kesho kutwa, wakataja na bei ya kuangalia tu, nikaona nikae kwanza. Nifanyeje? Mimi ni nesi, mikono haitetemeki.

#7 FundiBaridi

Dada, marahaba. Nyuzi 58 ni kama 14 za Selsiasi, bado una muda, usikimbizwe.

Umeeleza vizuri kuliko mafundi wengine. Moto unawaka maana yake gesi ipo, kiwashio kizima, njia ya hewa iko wazi. Kinachobaki ni kijiti kinachotakiwa kuuona moto. Kinapitisha umeme mdogo mno kupitia ule moto, vipande vya milioni vya ampia moja, kwa hiyo utando mwembamba tu wa masizi na kutu unakiziba macho.

Zima ile swichi ya ukutani. Zima na gesi kwenye kikoki kilicho kwenye bomba karibu na mashine, geuza mpaka kikae mkingamo wa bomba. Fungua mlango wa juu. Utaona safu ya midomo ya moto. Upande mmoja kuna kiwashio, chenye nyaya mbili: hicho usikiguse, ni chepesi kuvunjika kama chaki na mafuta ya vidole yanakiua. Upande wa pili kuna kijiti chembamba, shingo yake ya kauri nyeupe, waya mmoja tu. Ndicho. Kimeshikwa na skrubu moja. Chomoa waya, fungua skrubu, kivute taratibu.

Kisugue kwa stilwaya laini, ile ndogo ya sufuria, isiyo na sabuni. Usitumie msasa mkali, unachimba mifereji na uchafu utapata pa kukaa. Kikishang'aa kifute kwa kitambaa kikavu, kirudishe, waya urudi, mlango ufunge sawasawa. Fungua gesi, washa swichi, ukae mbele yake uangalie. Ukisikia harufu ya gesi wakati wowote, acha kila kitu utoke.

Usipoona tofauti utuambie, tutaangalia waya wa ardhi.

#8 Kisu_Butu

Aisee dada usilipue mji wako, Brooklyn Park.

#9 Otieno_Leeds

Wadau, wacha niwakilishe Uingereza kidogo. Huku hatupulizi hewa, tuna boila inachemsha maji yanazunguka kwenye rejeta za ukutani. Mimi si fundi, ni mpangaji tu aliyeteseka miaka tisa.

Ikizima, angalia geji kwanza. Mfumo ukiwa baridi mshale unafaa kuwa kati ya 1 na 1.5 bar. Ikishuka sana boila inakataa. Chini yake kuna kibomba cha kusokotwa rangi ya fedha na koki mbili ndogo; fungua polepole, mshale ukifika 1.5 funga zote mbili. Mimi mara ya kwanza nilisahau koki moja, asubuhi nikapata mshale umepanda hadi 3 na maji yanatiririka nje ukutani. Jirani Mwingereza akaniuliza kama nimenunua chemchemi.

Kama unaongeza kila wiki, kuna pahali panavuja. Usiendelee kujaza kama mtu anayemwagia maji kwenye gunia.

Rejeta ikiwa baridi juu na moto chini, ina hewa. Zima heating, subiri ipoe, chukua kile kifunguo kidogo, geuza kidogo tu kinyume na saa, weka kitambaa. Itapiga "ssss" halafu maji yatokee, funga. Rudi uangalie geji maana presha itakuwa imeshuka. Ikiwa moto juu na baridi chini, hiyo ni matope meusi ya kutu, na hapo kifunguo hakisaidii, ni kuosha mfumo.

Ile ya maji ya jasho aliyosema Fundi iko hapa pia, na ndiyo inaangusha boila nyingi usiku wa baridi kali. Bomba la plastiki linapita nje ya ukuta, linaganda. Utasikia boila ikikoroma kama mzee amekunywa busaa. Jaza birika maji ya moto lakini yasiwe ya kuchemka, mwagia bomba kutoka nje. Nimeokoa Krismasi mbili hivyo.

Na kufungua boila yenyewe, hata skrubu moja, ni mtu aliyesajiliwa Gas Safe pekee, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Mwombe kitambulisho. Kama umepanga, mwenye nyumba lazima vifaa vyake vya gesi vikaguliwe kila mwaka na akupe karatasi. Wangu alikuwa ananizungusha mpaka nikamwandikia kwa barua pepe kwa adabu nyingi sana. Fundi alikuja siku ya pili.

#10 Mwana_Kalemie

Bandugu, jambo. Miye niko Portland, Maine. Huku nyumba yetu haina gazi. Iko shodieri (boila) ya mazutu, tanki iko inje nyuma ya nyumba. Mazutu iliisha siku ya Posho (Jumamosi), tulikuwa hatuangalie. Kampuni banasema batakuja Siku ya Pili (Jumanne). Shofaje (joto ya nyumba) imezima. Nilifinya ile butoni nyekundu mara tano, sita, haiwake. Batoto baridi. Nifanye nini?

#11 FundiBaridi

Ndugu wa Kalemie, ile butoni nyekundu usiifinye tena. Tafadhali. Kila ukiifinya mashine inajaribu kupuliza mafuta ndani. Ukirudia rudia na moto haushiki, mafuta yanajaa chini ya chumba cha moto, na siku ukishika utashika wote kwa mpigo. Sheria yake ni mara moja tu. Ikikataa, mwite mtu, na mwambie kwa uaminifu umeifinya mara ngapi. Asione aibu mtu hapa, hiyo butoni kila mtu anaifinya.

Kwa leo: mazutu ya kawaida ya gari, yaani dizeli ya kituo cha mafuta, inakubalika kwenye tanki la namna hiyo kwa muda. Galoni 5 hadi 10 kwenye dumu safi la dizeli zinakufikisha mpaka lori lije. Petroli kamwe, hata kikombe.

Lakini sikia: tanki likikauka kabisa hewa inaingia kwenye mrija. Ukijaza tu haitawaka mpaka hewa itolewe, na hiyo kazi ina ufunguo wake na chombo cha kukinga mafuta. Kwa vile umeshaifinya mara sita, miye ningesema mwache fundi aitoe hewa na aangalie hakuna mafuta yaliyolala ndani. Mueleze huyo wa kampuni kwamba kuna watoto na hakuna joto, mara nyingi wana zamu ya dharura ambayo hawaisemi mpaka uulize.

Na kwa vile tanki lako liko nje, kwenye baridi kali mafuta yale yanakuwa mazito kama uji na hayapiti kwenye mrija. Watu wa Maine wanachanganya na mafuta ya taa. Mwambie muuza mafuta tanki liko nje, atajua.

#12 Mwana_Kalemie

Aksanti sana ndugu. Nilibaita tena nikabaambia batoto. Kumbe iko muntu wa usiku. Atakuja saa mbili.

#13 TheluJini

Wakati watu wanasubiri fundi, naongeza la hita ndogo za umeme. Nyingi zinakula wati 1,500. Chomeka ukutani moja kwa moja, usitumie ekstensheni, waya unaiva chini ya zulia wewe umelala. Iache mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda.

Na mabomba ya maji! Mwaka juzi fanesi ilizima tukiwa tumesafiri, tukarudi dari ya sebule iko sakafuni. Joto likipotea fungua bomba lidondoke matone, fungua milango ya kabati chini ya sinki, na ujue koki kuu ya nyumba iko wapi. Mimi niliijua baada ya dari.

#14 FundiBaridi

Nakazia ya TheluJini. Januari 30, 2019 Minneapolis ilifika hasi 28 za Farenhaiti, kama hasi 33 za Selsiasi. Siku ile fanesi nilizoitiwa hazikuwa nyingi kama mabomba yaliyopasuka.

#15 Mpangaji_Mpole

Mkuu, na sisi wa apatimenti? Mwenye nyumba anasema nyuzi 62 zinatosha, nivae soksi.

#16 FundiBaridi

Soksi avae yeye. Sheria ya Minnesota tangu 2024: kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 mwenye nyumba lazima nyumba ifikie angalau nyuzi 68, yaani 20 za Selsiasi, isipokuwa kampuni ya umeme au gesi ikiagiza joto lipunguzwe. Piga picha ya kipimajoto kikiwa na saa pembeni, mtumie kwa maandishi. Kama uko ndani ya jiji la Minneapolis, piga 311, namba ya huduma za jiji, wakaguzi wanakuja.

Kwa wenye nyumba zao na kipato kidogo, ulizieni programu ya msaada wa nishati ya jimbo. Watu wanadhani inalipa bili tu, kumbe kwa mwenye nyumba aliyekidhi vigezo inaweza hata kutengeneza au kubadilisha fanesi iliyokufa. Na kama bili imekushinda usiogope kupiga simu kwa kampuni ya gesi: kipindi hichohicho cha Oktoba mpaka Aprili kuna kanuni ya kuzuia kukatiwa, ila lazima uombe na ukubaliane nao malipo. Ukikaa kimya haikulindi.

#17 Dereva_wa_Duluth

Swali la hela. Fundi kaja kukagua, dakika 15 ananiambia kuna ufa kwenye chuma cha ndani, nibadilishe fanesi yote, dola elfu kadhaa, na punguzo linaisha leo. Fanesi ina miaka 12.

#18 FundiBaridi

"Punguzo linaisha leo" ni maneno ya mnada.

Ila usidharau. Ufa kwenye kile chuma kinachotenganisha moto na hewa ya vyumbani ni jambo la kweli, ndiko moshi unakoweza kuchanganyika na hewa mnayovuta. Mwambie akuonyeshe kwa kamera, kwenye mashine yako, ukiwa umesimama hapo. Hata ukiona picha, mwite wa pili asiyejua wa kwanza alisema nini. Wakati unasubiri, kama king'ora kimelia au kipimo kinaonyesha sumu, fanesi isizimwe kwa maneno tu, izimwe kweli. Fanesi nyingi zinaenda miaka 15 hadi 20, ya miaka 12 inaweza kufa lakini si kwa ahadi ya mauzo. Angalia pia waranti: kile chuma mara nyingi kina waranti ndefu kuliko vipuri vingine, unaweza kulipia ufundi tu.

Na huwa nauliza kitu kimoja: filta zake zilikuwaje hizo miaka 12? Joto kupita kiasi kwa sababu ya filta ndilo linalochosha kile chuma mpaka kinapasuka.

#19 Mpangaji_Mpole

Filta ipi sasa? Dukani ziko za bei ya chai na za bei ya kuku mzima.

#20 FundiBaridi

Soma vipimo pembeni mwa ile ya zamani, mfano 16x25x1, nunua hivyohivyo. Mshale uelekee kwenye fanesi. Usidanganywe na namba kubwa: ile nyembamba ya inchi moja yenye MERV (kipimo cha uchujaji) ya juu sana inachuja mpaka hewa yenyewe, mashine inahema kwa shida. MERV 8 inawatosha wengi. Iangalie kila mwezi wakati wa baridi, na ukiwa na mbwa au unapika mahamri kila Jumamosi, ibadilishe mapema. Iinue juu ya taa. Usipoona mwanga, kazi yake imeisha.

Na matundu ya sakafuni msiyafunike na kochi. Nimekuta nyumba ya watu wanaolalamika chumba hakipati joto, tundu liko chini ya zulia la Kiajemi. Zulia lilikuwa na joto zuri sana.

Themostati ikiwa na kitufe cha feni, iache kwenye otomatiki. Ukiiweka "iwake daima" itapuliza hewa baridi kila moto unapopumzika, halafu unanipigia kwamba fanesi inatoa ubaridi.

#21 MtotoWaMakete

Mahamri nayo yanaziba filta? Huko ni kuzuri, acheni kulalamika.

#22 MamaWatatu_BP

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa besimenti na tochi ya simu mdomoni.

Kijiti nilikipata. Kilikuwa na ukungu mweupe juu yake kama sufuria iliyochemshiwa maji ya chumvi. Skrubu ilikuwa imekaza, nikatumia kikoleo cha baba watoto. Stilwaya sikuwa nayo mpya, nimekata kipande cha ile ya sinki nikakiosha sabuni kwanza nikakausha na draya ya nywele. Nimerudisha kila kitu, gesi, swichi. Ikavuma, ikaiva, "wuuf". Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita. Watoto wakaanza kuhesabu na mimi kutoka juu kwenye ngazi. Tulipofika thelathini na saba feni kubwa ikaanza.

Sasa ni 64 na inapanda. Ile kampuni ya kesho kutwa nimewapigia kuwaambia wasije, wakaniuliza nani ametengeneza.

#23 FundiBaridi

Ukawajibu nini?

#24 MamaWatatu_BP

Nimewaambia fundi wa nyumbani. Na baba watoto akirudi Alhamisi, tafadhali mtu yeyote hapa anayemfahamu asimwambie kuhusu kikoleo chake, nimekipinda mdomo.